Msongo wa mawazo si udhaifu wa imani

UKITAKA kujua namna mawazo ya muda mrefu yanavyomla mtu, usimtazame aliyefiwa jana. Mtazame anayengoja. Katika vijiji vya Madimba, mkoani Mtwara, naona kungoja kumewachosha watu kuliko jembe.

Mfano mmoja kila mtu wa Kusini anaukumbuka. Msimu wa korosho wa mwaka 2018 wakulima walizikataa bei za chini mnadani. Novemba mwaka huo Serikali ikatangaza kuzinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Bei ilikuwa nzuri. Lakini uhakiki ulichukua muda, na wako walioingia mwaka 2019 wakiwa bado wanafuatilia malipo yao. Mkulima huyo hakuwa fukara. Alikuwa na mali asiyoweza kuila, huku ada ya mtoto, salfa ya msimu unaofuata na deni la dukani vikimkodolea macho.

Ongeza hofu ya mpakani. Oktoba 2020 wapiganaji walivuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji wakashambulia kijiji cha Kitaya. Machi 2021 mji wa Palma, ng'ambo ya mto, ukavamiwa. Watu wa mwambao huu wana ndugu pande zote mbili. Mtu anaweza kuamka salama kila siku na bado asiwe na amani hata siku moja.

Mwili unapokosa likizo

Hofu ya ghafla si ugonjwa. Ukikutana na nyoka njiani, mwili humwaga homoni za adrenalini na kotisoli, moyo hudunda, damu hukimbilia kwenye misuli, nawe unapata nguvu ya kukimbia. Nyoka akienda zake, mwili hutulia. Mwaka 1936 mtaalamu Hans Selye, aliyefanya kazi Montreal, Canada, alieleza kuwa mwili unaobanwa hupita hatua tatu: kushtuka, kuhimili, kisha kuchoka. Balaa liko katika hatua ya tatu. Deni ni nyoka asiyeondoka njiani, na mwili unabaki zamu usiku na mchana.

Dalili zake ni hizi: usingizi kukatika usiku wa manane, kichwa na mabega kuuma, tumbo kuwaka moto, presha kupanda, kusahau, kuwakaripia watoto kwa jambo dogo, kujitenga na baraza na hata jamaa ya msikitini. Moja kwa siku mbili si kitu. Zikikusanyika na kudumu kwa wiki kadhaa, jueni mwenzenu anazidiwa.

Hukumu zetu mbili

Na hapa ndipo tunapokosea. Mtu wa namna hiyo tunampa hukumu mbili: ama imani yake ndogo, ama amerogwa. Zote mbili humchelewesha kupata msaada, na ya kwanza humwongezea aibu juu ya mzigo.

Tuliosoma Surat Yusuf tunajua kuwa Nabii Yaaqub (a.s) alihuzunika kwa kumpoteza mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe. Nani atasema Nabii alikosa imani? Wanawe walimlaumu kwa kutoacha kumkumbuka Yusuf, lakini yeye aliendelea kumshitakia Mola wake. Naye Mtume (s.a.w) aliomba kinga dhidi ya wasiwasi na huzuni, na katika dua hiyo hiyo akataja kuelemewa na deni. Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima kuhusu afya ya mwili na ya nafsi, akieleza kuwa kimoja kikiugua humvuta mwenzake. Elimu hii si ngeni kwetu. Tumeiacha kabatini.

Tufanye nini?

Kwanza, mwenye mzigo autenganishe. Yaliyo mikononi mwake ayafanyie kazi leo, hata kama ni kidogo. Yasiyo mikononi mwake, kama tarehe ya malipo, ayaombee dua bila kuyahesabu upya kila usiku.

Pili, amfuate mdai kabla mdai hajamfuata. Kimya hukuza deni na hofu pamoja. Asikimbilie kuuza kwa kangomba korosho zikiwa bado mtini, kwani huko ni kununua usingizi wa mwezi mmoja kwa mawazo ya mwaka mzima. Na mdai akumbuke kuwa Qur'an imemtaka ampe muda aliye katika dhiki.

Tatu, aseme na mtu. Nchini Zimbabwe Dk. Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa bibi wa mitaani waliofunzwa, wanaokaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye mawazo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliosikilizwa walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Sisi mabaraza na misikiti tunayo. Tunachokosa ni masikio.

Nne, aende hospitali apimwe presha na aeleze hali yake yote. Anayefikia kusema kuwa heri afe, asiachwe peke yake hata saa moja. Apelekwe siku hiyo hiyo. Kisomo kisizuie tiba, na tiba haikatazi kisomo.

Mwisho, nakugeukia wewe msomaji uliyeko mjini mwenye wazee kijijini. Ukipiga simu ukauliza hali, utajibiwa, "Hatujambo, mwanangu." Ndiyo adabu yao. Usiridhike. Muulize baba au mjomba, "Unalala usingizi?" Kisha nyamaza umsikilize, hata kama vocha itakwisha.

Allah (s.w) awaondolee dhiki wenye dhiki, na atujaalie tuwe sababu ya faraja yao.