Mwalimu wa Mazoezi Nyumbani: Mwili Hupimiwaje Mzigo?

Katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki imeingia desturi ya mtu kumwita mwalimu wa mazoezi nyumbani kwake. Mwalimu hufika alfajiri au jioni, meza na viti vikiwa vimekwisha kusogezwa ukutani, naye kwa muda usiozidi saa moja humwongoza mtu mmoja tu: achuchumae, ainuke, apande kipandio na kushuka, apumzike, arudie. Mkazi wa Basotu asikiapo habari hiyo aweza kuiona kuwa anasa ya watu wenye fedha na wasio na shamba. Kuhusu gharama, huenda anasema kweli. Lakini swali lililomo ndani ya desturi hiyo ni la kisayansi, nalo lamhusu yeye pia: mwili unapokosa kazi nzito ya kila siku, ni nani atakayeupimia mzigo, na kwa kipimo gani?

Wabarabaig waliofuata mifugo katika tambarare za Hanang, na Wairaqw waliolima miteremko ya Mbulu kwa jembe la mkono, hawakuhitaji kuuliza swali hilo. Kazi yenyewe ilikuwa kipimo. Leo hata Basotu wapo watu ambao siku yao hupita kitini: mwalimu anayesahihisha madaftari, karani, mwenye duka, na dereva wa trekta au wa mashine ya kuvunia ngano, ambaye hulima na kuvuna eneo kubwa ajabu bila kuinuka. Mwaka 1953 mganga wa Uingereza, Jerry Morris, pamoja na wenzake, walichapisha uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva, waliokaa kutwa nzima, waliugua maradhi ya moyo zaidi kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi za basi lilo hilo. Uchunguzi mmoja hautoshi kuthibitisha sababu, na watu waliuliza kama madereva hawakuwa wanene tangu walipoajiriwa. Lakini tafiti nyingi zilizofuata zilielekea upande ule ule. Dereva wa trekta la Basotu na yule wa basi la London wamekalia kiti kimoja.

Ushahidi mwingine upo karibu zaidi. Katika Bonde la Yaeda, ndani ya wilaya ya Mbulu, na kando ya Ziwa Eyasi wanaishi Wahadzabe, ambao wengi wao bado huwinda, huchimba mizizi na kurina asali. Wataalamu waliwafunga vipimo vya mapigo ya moyo na vya mwendo wa mwili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kuwa hupata zaidi ya saa mbili kwa siku za shughuli ya kiasi au ya nguvu. Hilo halikumshangaza mtu. Jambo la kushangaza lilikuja mwaka 2020, ilipoonekana kwamba nao pia hupumzika kwa muda wa saa kumi hivi kutwa, yaani si pungufu kuliko watu wa mijini. Tofauti ni namna ya kupumzika. Mhadzabe kwa sehemu ya muda huo huchuchumaa au hupiga magoti, na katika hali hiyo misuli ya miguu huendelea kufanya kazi ndogo ndogo, ilhali misuli ya mtu aliyeegemea kiti huwa karibu imelala. Basi mwalimu wa mazoezi amwambiapo mteja wake achuchumae na kuinuka mara kumi, humrudishia mkao ambao watu wengi wameuacha kwa sababu ya kiti.

Hapa yafaa kuondoa dhana moja iliyoenea sana, kwamba mazoezi ni njia ya kuunguza chakula. Na tufanye hesabu. Mtu wa kilogramu 60 akipanda ngazi ya baraza yenye kimo cha sentimeta 20, hufanya kazi ya 60 × 9.8 × 0.2, yaani jouli 117.6. Akipanda mara 20 kwa dakika, kwa dakika kumi, jumla ni jouli 23,520. Misuli si mashine kamilifu: sehemu kubwa ya nishati hugeuka joto, na kama moja ya tano tu hivi ndiyo huwa kazi. Kwa hiyo mwili umetumia jouli 117,600 hivi, sawa na kilokalori 28. Hata ukiongeza nishati ya kushuka, hesabu haifiki 40. Ugali wa gramu 200 za unga wa mahindi una kilokalori 700 hivi. Jasho lote lile limelipia tonge mbili tatu! Wahadzabe hao hao walipopimwa nishati wanayotumia kwa siku nzima, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, ilionekana kuwa, ukizingatia ukubwa wa miili yao, haizidi ile ya watu wa Marekani na Ulaya. Huenda mwili wenye kazi nyingi hubana matumizi yake mahali pengine.

Faida, basi, itafutwe penginepo. Msuli unapojikunja huvuta glukosi kutoka katika damu hata pale insulini inaposhindwa kufanya kazi yake vema, na ndiyo maana mazoezi huwasaidia wengi wenye ugonjwa wa kisukari. Moyo unaozoezwa husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, hivyo hupiga mara chache mtu anapopumzika. Mishipa ya damu hulegea, na shinikizo hushuka. Katika majuma ya kwanza nguvu huongezeka upesi kuliko unene wa misuli, kwa kuwa kinachojifunza kwanza ni mfumo wa fahamu: ubongo huziita nyuzi nyingi zaidi za msuli kwa wakati mmoja. Nyuzi zenyewe hunenepa baadaye, na hunenepa wakati wa mapumziko, si wakati wa zoezi.

Mabadiliko hayo yote yana sharti moja. Mzigo hauna budi kuzidi kidogo ule uliozoeleka, na mwili ukishauzoea, mzigo uongezwe tena. Ukizidi mno, viungo huumia; ukibaki pale pale, mwili hauna sababu ya kubadilika. Hapa ndipo kazi ya mwalimu inapoonekana. Mwaka 2000 ulichapishwa nchini Marekani utafiti wa wanaume 20 waliofuata ratiba moja ya kuinua vyuma kwa majuma 12. Kundi moja lilisimamiwa na mkufunzi, jingine lilijisimamia. Waliosimamiwa waliongeza uzito haraka zaidi, na mwishoni wakawa na nguvu zaidi. Ratiba ilikuwa moja. Ila mtu aliye peke yake hupenda kubaki na mzigo aliokwisha kuuzoea.

Je, mzigo utaongezwaje katika chumba kisicho na vyuma? Jibu limo katika somo la wenzo. Katika zoezi ambalo wanafunzi huliita pushapu, vidole vya miguu ni egemeo, na uzito wa mwili ndio mzigo. Mtu aliyenyooka sakafuni hubeba kwa mikono yake kama theluthi mbili za uzito wake. Akiweka magoti chini, egemeo limesogea karibu, naye hubeba nusu hivi. Akisimama na kuusukuma ukuta, hubeba sehemu ndogo tu, kwa kuwa karibu uzito wote umeishukia miguu. Kati ya ukuta na sakafu kuna meza imara, kiti, na ngazi ya baraza. Hivyo chumba cha kawaida kina daraja nyingi za uzito. Kinachotakiwa ni mtu ajuaye lini kupandisha daraja. Katika shule ya sekondari mtu huyo aweza kuwa mwalimu wa elimu ya viungo, au hata mwenzi wa nyumbani mwenye daftari na saa.

Ajue pia lini kusimamisha. Wilaya ya Mbulu ndiyo iliyomlea John Stephen Akhwari, ambaye katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 alianguka, akaumia goti, akaendelea hata akafika wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Heshima aliyopewa duniani kote anastahili. Lakini yale yalikuwa mashindano, ya siku moja, mbele ya taifa lake. Mwanafunzi anayeiga uvumilivu ule katika zoezi la kila juma hujiharibia goti bila kupata kitu. Msuli uliochoka huwaka moto kisha hutulia, na kuuma kwake siku ya pili ni jambo la kawaida. Maumivu makali yaliyo ndani ya kiungo, au ya kifua, au kizunguzungu, ni amri ya kuacha. Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo aonane na mganga kabla ya kuanza.

Kipimo cha jumla cha Shirika la Afya Duniani, kilichotolewa mwaka 2020, ni dakika 150 hadi 300 kwa juma za shughuli ya kiasi kwa mtu mzima, pamoja na mazoezi ya nguvu kwa siku mbili au zaidi. Kwa vijana, wastani wa dakika 60 kila siku. Shughuli ya kiasi ni ile inayomruhusu mtu kuzungumza lakini si kuimba. Wapo wanaotumia kanuni ya kutoa umri katika 220 ili kupata upeo wa mapigo ya moyo, lakini kanuni hiyo yaweza kukosea kwa mapigo kumi na zaidi, na baadhi ya dawa za shinikizo huipotosha kabisa. Isitoshe, Basotu ipo zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa haizidi asilimia 84 hivi ya ile ya pwani. Mwalimu aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam asishangae moyo wake ukipiga mbio kwa zoezi lile lile. Baada ya majuma kadhaa utatulia.

Darasa laweza kulichunguza jambo hili bila chombo chochote ila saa. Mwanafunzi apumzike dakika tano, ahesabu mapigo ya mkononi kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa nne. Apande na kushuka ngazi ya sentimeta 20 kwa dakika tatu, mara 20 kwa dakika, mwenzake akimpigia makofi ya mwendo. Mapigo yahesabiwe mara anapomaliza, kisha tena baada ya dakika moja ya kukaa. Tofauti ya hesabu hizi mbili za mwisho ndiyo ya kuangaliwa: moyo uliozoea kazi hurudi chini upesi. Nusu ya darasa wafanye mazoezi mara tatu kwa juma chini ya usimamizi wa wenzao, nusu nyingine wapewe ratiba ile ile waende nayo nyumbani, na baada ya majuma sita wote wapimwe upya kwa ngazi ile ile na saa ile ile.