Kuanza Udalali wa Ploti Kisumu Ukiwa na Simu na Mtaji Mdogo

Ukitoka Kondele kwenda Mamboleo, kisha upandishe Riat, utakutana na vibao vya aina mbili. Cha kwanza kinasema ploti zinauzwa, hamsini kwa mia, taito ziko tayari. Cha pili kimepakwa kwa rangi nyekundu ukutani: ploti hii haiuzwi. Huyu wa pili si mtu anayechukia pesa. Ni mwenye shamba anayejua kuna watu wanaoweza kuliuza bila yeye kuwepo. Kama unataka kuingia kwenye biashara ya ardhi, anza kwa kuelewa kibao hicho cha pili.

Siku hizi video nyingi mtandaoni zinafundisha njia ya Wamarekani ya kupata faida kwenye nyumba na ardhi bila kuinunua. Unatafuta mwenye mali anayetaka kuuza haraka, mnaandikiana mkataba wa bei fulani, halafu kabla ya kulipa unamuuzia mtu mwingine ule mkataba kwa bei ya juu. Tofauti ni yako. Wanaofundisha wanasema huhitaji mtaji, unahitaji simu na ujasiri tu. Wasichosema ni kwamba hata kwao mambo yamekazwa: majimbo kama Illinois na Oklahoma yametunga sheria za kuwabana wanaofanya hivyo bila leseni.

Kisumu biashara hii ipo tangu zamani, na jina lake ni udalali, au ubroka ukipenda. Inaweza kukulisha. Lakini inafuata sheria za Kenya, si za video.

Sheria inakutazamaje

Kwanza, Sheria ya Mawakala wa Mali, Sura ya 533, inataka mtu anayefanya kazi ya kuunganisha wauzaji na wanunuzi wa ardhi awe amesajiliwa na bodi ya mawakala hao. Wengi mtaani hawajasajiliwa, tunajua. Ila siku mteja akikataa kukulipa kamisheni, utamshtaki ukiwa umesimama wapi? Anayeanza ni heri aingie chini ya wakala aliyesajiliwa, ajifunze kazi, agawane naye kamisheni. Utapata kidogo mwanzoni, lakini utakachopata ni chako.

Pili, sheria yetu ya mikataba haitambui mauzo ya ardhi ya mdomo. Lazima yaandikwe, wahusika watie sahihi, na awepo shahidi. Ule msemo wa "tumeelewana na mzee" haukusaidii kitu mahakamani. Karatasi mliyoandikiana kwa chifu inaweza kuwa ushahidi, lakini yenyewe haihamishi ardhi.

Tatu, na hapa ndipo njia ya Wamarekani inapokwama kabisa. Mashamba mengi nje kidogo ya mji, upande wa Kisian, Kiboswa, Ahero, Maseno, bado ni ardhi ya kilimo kisheria. Kuiuza kunahitaji idhini ya bodi ya ardhi ya eneo hilo, na ombi linapaswa kupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila idhini, mauzo ni batili. Muuzaji anafika mbele ya bodi, mara nyingi na familia yake, na mnunuzi anajulikana kwa jina. Sasa wewe uliyeandikiana na mzee kisha ukamuuzia mtu wa Nairobi mkataba wako, utaingia mbele ya ile bodi kama nani? Mzee ataulizwa bei mbele ya wake zake na watoto wake. Atataja yake, mnunuzi atataja yake. Hapo ndipo urafiki unapoishia.

Kwa hivyo ushauri wetu ni mmoja: usifiche faida yako. Mwambie muuzaji kwa maandishi utapata nini na atakayelipa ni nani. Si wema tu huo, ndiyo njia pekee ya kuwa bado unapokewa simu mwaka ujao.

Mfano wa hesabu

Tuseme kuna mzee upande wa Kisian ana ploti ya hamsini kwa mia anayotaka kuuza alipie karo ya chuo. Bei hizi ni za mfano, usizichukue kama bei za soko. Unamtembelea, mnakaa chini ya mwembe.

"Jaduong', wewe unataka mkononi mwako ngapi?"

"Laki sita, mwanangu. Isipungue."

"Sawa. Nikileta mtu wa laki sita na themanini, hiyo themanini iwe yangu? Tuiandike, na mama pia aione."

Ona alichouliza: mkononi ngapi. Akisema laki sita, muulize tena kama amehesabu kodi. Muuzaji ndiye anayelipa kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida yenyewe. Kama shamba lilikuwa lake miaka mingi, faida kwenye karatasi inaweza kuwa kubwa. Mzee ambaye hakuambiwa haya atakulaumu wewe, wala hatailaumu serikali. Kuna misamaha kwa baadhi ya ardhi na familia, lakini hiyo ni kazi ya wakili kumweleza.

Mnunuzi naye ana gharama zake. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 kwa ardhi iliyo ndani ya manispaa na asilimia 2 nje yake. Kwa 680,000 hiyo ni 27,200 au 13,600, na tofauti hiyo inaweza kuvunja dili kama mlipiga hesabu vibaya. Ongeza ada ya wakili, ada za usajili, na mpima ardhi.

Na wewe? Hiyo 80,000 haijawa yako. Umelipa boda mara tano kwenda kuonyesha watu ploti, umelipia sachi, umechapisha nakala, umenunua bando za kupiga picha na kutuma. Na si kila shamba linauzika. Ukiwa mgeni kwenye kazi, hesabu kwamba nyingi utakazofuatilia zitakufa njiani: moja taito iko benki, nyingine ndugu hawaelewani, nyingine mnunuzi amekwisha "kupata nyingine karibu". Gharama za hizo zilizokufa zinalipwa na ile moja iliyofaulu.

Sachi unafanya wewe

Kosa kubwa la wanaoanza ni kupokea karatasi ya sachi kutoka kwa muuzaji. Karatasi inaweza kuwa ya mwaka juzi, au ya kughushi. Chukua nambari ya shamba, ile inayoanza na jina la kaunti na la eneo kama vile Kisumu/Korando kisha tarakimu, uombe sachi rasmi mwenyewe. Itakuambia nani mwenye shamba, ukubwa wake, na kama kuna deni la benki au zuio lililowekwa. Rudia sachi siku chache kabla ya mnunuzi kulipa, kwa sababu zuio linaweza kuwekwa leo asubuhi.

Kisha linganisha jina la kwenye sachi na kitambulisho cha mtu aliyekaa mbele yako. Pwani hii ya ziwa, mara nyingi utakuta jina ni la babu aliyefariki zamani. Wanawe wamejigawia kwa miti na mitaro, kila mtu anajua mpaka wake, na mmoja wao anakuambia kipande chake ni chake auze. Kisheria hana cha kuuza. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inataka familia ipate barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na barua hiyo ithibitishwe, ndipo ardhi iuzwe. Kugusa mali ya marehemu bila mamlaka ni kosa la jinai. Ukikuta hivyo, mwambie mwenye haraka ukweli: dili hii ni ya mwaka mmoja au zaidi, na mlango wa kwanza ni mahakama. Usichukue hata shilingi ya mtu kwa ajili yake.

Mume akiuza, mke akubali kwa maandishi. Wake wakiwa watatu, wote watatu. Na uliza kuhusu makaburi. Tembea shamba lote, usionyeshwe kutoka barabarani. Mnunuzi kutoka Nakuru atakayekuta kaburi limefunikwa na mahindi katikati ya ploti yake hatakumbuka jina la mzee, atakumbuka lako.

Tembea wakati wa mvua

Ziwa halina kalenda ya dalali. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda hadi kiwango kilichokaribiana na kile cha 1964, na watu wa Dunga na sehemu nyingine za ufuo walihama. Uwanda wa Kano unajulikana kwa mafuriko ya mto Nyando, na udongo wake mweusi unanata na kupasuka, hivyo msingi wa nyumba unakuwa ghali. Ploti ya Ahero ikionekana nzuri Januari, irudie Aprili ukiwa na gambuti. Karibu na maji kuna pia ukingo ambao sheria hairuhusu kujenga. Ukimwambia mnunuzi "iko mita chache tu kutoka ziwani" kana kwamba ni sifa, jiulize kwanza kama ni ploti au ni ukingo.

Hii ndiyo kazi ambayo mtu wa video hawezi kuifanya akiwa mbali, na ndiyo sababu mnunuzi akulipe. Wewe unajua barabara ipi haipitiki Mei, maji ya bomba yamefika wapi, mawe ya mpaka yaliyong'olewa ni yapi.

Pesa kwenye simu

Sasa tuje kwenye sehemu yetu. Mengi ya malalamiko ya ardhi yana muamala wa simu ndani yake, na mara nyingi ni ile "pesa ya kushikilia": tuma elfu ishirini sasa hivi, kuna mtu mwingine anakuja kuona saa nane. Mteja anatuma, simu inazimwa.

Wewe usiwe mtu huyo, hata kwa bahati mbaya. Usipokee bei ya ardhi ya mtu kwenye laini yako. Muamala mmoja wa simu kwa kawaida haupiti 250,000, kwa hiyo mnunuzi anayelipa 680,000 atalazimika kuikata vipande, na kila kipande kikipita kwako wewe ndiwe mwenye kuulizwa. Asilimia 10 ya kuanzia, ambayo mawakili wengi huifuata, na salio lake ndani ya siku 90 au vile mkataba unavyosema, viende kwenye akaunti ya wateja ya wakili, kupitia benki au nambari ya biashara ya ofisi hiyo. Jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuweka nambari ya siri lisipofanana na la ofisi, acha.

Kinachokuja kwako ni kamisheni tu, ikishakamilika kazi. Ipokee kwa laini ya biashara, si ile ya nyumbani unayonunulia unga. Mwisho wa mwezi chukua stetimenti na uandike kando ya kila muamala ni wa shamba gani: boda ya Kisian, sachi, nakala. Kamisheni ni mapato na KRA wanaitambua hivyo, na bila rekodi hutaweza kuonyesha gharama zako.

Mzee akikuomba umkopeshe kidogo "tutakata kwa bei", jibu kwa upole kwamba hutaweza. Ukimtumia elfu tano mara nne, tayari mna mkataba wa pili ambao haujaandikwa, na akibadili nia hamtaelewana ile ilikuwa zawadi, mkopo, au malipo ya ardhi. Kama lazima umsaidie, mwandikiane ni mkopo, weka tarehe, na utume ukiwa umeeleza hivyo kwa ujumbe siku ileile.

Na ukipigiwa na mtu anayesema ametuma kamisheni yako kimakosa zaidi, eti umrudishie ziada, usirudishe kwa kuangalia ujumbe. Angalia salio. Salio lisipobadilika, hakuna kilichoingia. Likiwa limebadilika kweli, usitume kwa nambari nyingine anayokutajia. Mwambie apige simu huduma kwa wateja na muamala urudishwe kwa njia ya kawaida.

Kwa wiki ya kwanza, kazi yako ni ndogo: chagua eneo moja unalolijua kwa miguu, tuseme Otonglo au Nyamasaria, tafuta mashamba matatu ambayo wenyewe wanasema wanauza, na ufanye sachi ya yote matatu kabla hujamwambia mnunuzi yeyote.