Dawa ya wadudu inavyovuruga mishipa ya fahamu

Wengi wetu hudhani mishipa ya fahamu imeungana moja kwa moja kama waya wa umeme. Sivyo. Baina ya seli moja ya fahamu na ya pili kwa kawaida kuna mwanya mdogo mno, kiasi cha sehemu 20 kwa milioni za milimita moja. Ndani ya seli taarifa husafiri kwa umeme, lakini ikifika ukingoni seli humwaga kemikali, nayo huvuka mwanya na kuiamsha seli ya pili. Otto Loewi alilionyesha hilo mwaka 1921 kwa mioyo ya vyura.

Kemikali mojawapo ni asetilikolini, inayotumika pia baina ya mshipa wa fahamu na msuli. Ikishafikisha ujumbe, kimeng'enya maalumu huivunja papo hapo, upesi kuliko kupepesa jicho. Isipovunjwa, ujumbe haukatiki.

Hapo ndipo penye hatari. Dawa za kuulia wadudu za jamii ya oganofosfeti humwua mdudu kwa kukizuia kimeng'enya hicho, na sisi binadamu tunacho pia. Aliyeathirika hutokwa mate, machozi na jasho, huharisha, mboni za macho hunywea kama ncha ya sindano, kifua hujaa makohozi, misuli hutetemeka kisha hulegea. Kinachoua hasa ni kushindwa kupumua.

Sasa tazama majumbani mwetu: dawa ya shamba imepimwa ndani ya chupa ya soda, ikasukumwa uvunguni. Mtoto mwenye kiu atajuaje? Wengine huipaka kichwani kuua chawa, au huinyunyizia godoro lenye kunguni! Ngozi nayo huifyonza sumu.

Likitokea, mvue mgonjwa nguo, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, nawe ukivaa glavu. Usimtapishe wala usimnyweshe maziwa. Mkimbize hospitali na kopo la dawa, maana jina lililoandikwa pale humsaidia sana daktari. Huko atapewa atropini, ambayo huizuia asetilikolini isiendelee kuamrisha tezi, mapafu na moyo, na kifua hukauka. Misuli iliyolegea haiponyeshwi na atropini, ndiyo maana mgonjwa huendelea kuangaliwa wodini siku kadhaa hata akionekana ametulia, kwani pumzi inaweza kumwishia baadaye.