Vihisi vya Kivungulio: Uliza Nani Hupokeza Ujumbe

Mkulima wa Njoro anayetafuta vihisi vya joto na unyevu vya kivungulio huenda akakuta jina Zigbee kwenye boksi. Huu ni mtandao wa redio uliojengwa juu ya kiwango cha IEEE 802.15.4 cha mwaka wa 2003. Kasi yake ni kilobiti 250 kwa sekunde. Haitoshi video, lakini nyuzijoto ni tarakimu chache tu.

Vifaa hupokezana ujumbe hadi kituo kikuu, kama watu wanaopitishiana ndoo za maji kuzima moto. Ila si vyote! Kihisi cha betri hulala karibu muda wote, ndiyo maana betri hudumu miezi mingi. Hakipokezi ujumbe wa kingine. Kazi hiyo ni ya vifaa vilivyochomekwa kwenye stima, mathalani plagi na balbu. Stima ikipotea, au mtu akizima balbu ya katikati, kivungulio cha mbali chaweza kukatika na nyanya zikanyauka bila wewe kupata taarifa. Kwa hivyo unganisha kituo na vipokezaji kwenye sola yenye betri.

Usiweke kituo kando ya ruta ya Wi-Fi. Aghalabu vyote hutumia gigahezi 2.4. Majani mabichi nayo hunyonya mawimbi hayo, hivyo pima tena mimea ikishakuwa mirefu.