Kuchaji Betri za Trekta la Umeme: Njia Ipi Yatufaa Isiolo?

Katika mdahalo wa chama chetu muhula uliopita kuliulizwa: trekta dogo la umeme likiletwa shambani mwa shule, litachajiwa na nini? Wengi walipaza sauti, "Sola! Jua si tunalo!" Ni kweli, lakini neno hilo lina mengi ndani yake.

Trekta lenyewe si ndoto. Kampuni ya General Electric ya Marekani ilianza kuunda matrekta ya bustani aina ya Elec-Trak mwaka wa 1969, na yale makubwa yalitumia betri 6 za volti 6 zilizofuatanishwa, jumla volti 36. Tuchukue mfano huo, betri ziwe za ampea-saa 200. Hapo pana yuniti 7 hivi za umeme, ila betri ya risasi na tindikali haipendi kushushwa chini ya nusu. Basi kila siku tutarudisha yuniti kama 3.6, pamoja na kiasi kinachopotea njiani.

Betri ni ghali, kwa hivyo kuchaji si mzaha. Mjomba wangu alipeleka betri yake ya taa dukani kuchajiwa, akaambiwa, "Ngojea saa moja tu, mzee." Moto mwingi ukapitishwa, maji yakachemka, na baada ya wiki mbili betri ikawa chuma chakavu. Kanuni ya mafundi wengi ni sehemu moja ya kumi ya uwezo wa betri: kwa yetu, ampea 20.

Ampea 20 kwa volti 43 ni wati 860, na soketi ya ukutani yamudu hiyo bila taabu. Unachomeka jioni, alfajiri zimejaa, mradi stima isipotee. Lakini chaja iwe ya volti 36. Ile ya gari, ukiihamisha betri mbili mbili, zingine zitashiba na zingine zitabaki na njaa.

Jenereta silipendi. Betri hunywa haraka mwanzoni, halafu saa za mwisho hunywa kwa kijiko, na jenereta lazidi kunguruma likichoma petroli kwa ajili ya ampea tatu nne.

Sasa sola. Ugumu wake ni kwamba jua likiwaka trekta nalo liko kazini. Lakini ni nani Isiolo hii hulima saa sita mchana? Tulime saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, kisha trekta lichajiwe hadi saa kumi. Paneli za wati 1000 kwa jumla zatosha siku ya jua kali. Betri zenyewe zikae kivulini: zikifika nyuzi 35, kidhibiti chaji kishushe volti kutoka 43.2 hadi 42.3 hivi, la sivyo maji yatakauka upesi.

Mimi naonelea tuanze na sola, stima iwe ya kujazia siku za mawingu, Aprili na Novemba. Na banda liachwe wazi juu, maana betri ikichajiwa hutoa haidrojeni, nayo hupanda. Cheche moja yatosha kuilipua. Lisijengwe karibu na jiko la shule.