SOMO LA MWEZI HUU: SUMU ISIYOONEKANA KATIKA MAJI



Maziwa yakitiwa maji kidogo, macho hayajui. Ndiyo maana karani wa ushirika hutumbukiza kipimo. Maji ya mto nayo ni vivyo hivyo: sharti yapimwe.

Karibu na mji wa Parkersburg, jimbo la West Virginia, Marekani, alikuwako mkulima jina lake Wilbur Tennant. Ng'ombe wake walikunywa maji ya kijito kilichotoka kwenye jaa la takataka la kampuni ya DuPont. Wakakonda, wakafa wengi. Tennant aliwahesabu na kuwapiga picha za sinema. Madaktari sita wa mifugo walipokuja kukagua, ripoti yao ilimlaumu yeye mwenyewe, eti hakuwalisha wala kuwatunza vema.

Mwaka 1999 wakili wake, Rob Bilott, alipeleka shauri kortini. Katika makaratasi ya kampuni aliona jina la kemikali: PFOA. Tena, kampuni ilikuwa imekwisha kupima kijito kile na kuikuta humo, lakini mkulima hakuambiwa.

PFOA ni moja ya kemikali za jamii ya PFAS. Ndani yake kaboni na florini zimeshikana kwa nguvu sana, kwa hiyo hazioozi. Zimetumiwa katika kutengeneza vikaango visivyoshika chakula, makoti ya mvua, na povu la kuzimia moto wa mafuta. Hazina rangi wala harufu, na kuchemsha maji hakuziondoi.

Zapimwaje?

1. Maji hutiwa katika chupa safi ya plastiki iliyotoka maabara. Mwenye kuyateka hunawa mikono kwanza, wala havai koti la mvua, maana koti lenyewe laweza kuwa na PFAS.

2. Maji safi ya maabara huletwa pale pale mtoni na kutiwa katika chupa ya pili. Yakionekana na PFAS, basi uchafu umetoka kwa mtekaji au chupa, si mtoni.

3. Chupa huandikwa mahali, siku na saa, kisha huwekwa penye barafu.

4. Maabara hupitisha mililita 250 za maji katika kichujio kinachonasa kemikali, kisha huziosha humo na kuzibakiza katika mililita 1 tu. Halafu mashine huzitenganisha na kuzitambua kwa uzito wa molekuli zake.

Mwaka 2024 Marekani iliweka mpaka wa PFOA katika maji ya kunywa: nanogramu 4 kwa lita. Hiyo ni kama gramu 1 katika madebe milioni 12 na nusu, kila debe lita 20!

Sasa, mkulima, ng'ombe akikonda usikimbilie kusema ni PFAS. Yaweza kuwa ndigana au minyoo. Mwite daktari wa mifugo. Lakini taka za kiwanda zikimwagwa juu ya mto wako, andika siku, mahali, na mifugo walioumwa. Peleka daftari hilo kwa Bwana Shamba, uombe maji yapimwe. Tena uombe kuonyeshwa majibu kwa maandishi.

Maswali: Kwa nini chupa mbili? Je, kuchemsha maji kunatosha? Daftari lako liko wapi?