Nyumba, Shamba na Jirani: Somo Kutoka Kyela

Mtafiti ateremkaye kutoka Tukuyu kwenda Kyela akiwa na daftari lake huanza kwa kutazama mapaa: ni bati au nyasi? Kisha hutazama kuta: ni matofali au mianzi? Vitu hivi huonekana kwa macho na huhesabika upesi, ndiyo maana hutumika kupimia umaskini. Je, kipimo hicho chatosha?

Mwaka 1879 Joseph Thomson, msafiri kutoka Uskoti, alifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa, akavisifu mno vijiji vya Wanyakyusa kwa usafi na unadhifu wake. Nyumba zile zilikuwa za mianzi, udongo na nyasi. Kwa kipimo cha paa na ukuta, wenyeji wote wangeandikwa kuwa mafukara!

Kati ya 1934 na 1938, Godfrey na Monica Wilson walichunguza kwa kina zaidi. Waliona kwamba kijiji cha Wanyakyusa hakikuwa cha ukoo bali cha rika. Wavulana wa miaka kumi hivi waliacha kulala kwa wazazi wao, wakajijengea vibanda pembeni. Chakula waliendelea kula kwa mama zao, kundi zima likienda nyumba hii leo na nyumba ile kesho. Walipooa waliwaleta wake zao pale pale. Baadaye, katika sherehe iitwayo ubusoka, kizazi cha baba zao kiliwakabidhi uongozi na ardhi. Hivyo ng'ombe walikuwa mali ya ukoo, lakini ardhi ilipatikana kwa kukaa kijijini pamoja na wenzi wa rika. Aliyekuwa na nyumba alikuwa na shamba, na tena alikuwa na jirani wa kumtegemea.

Mpunga wa bondeni na kahawa ya milimani vilibadili mambo. Katika miaka ya 1950 Philip Gulliver alieleza jinsi ardhi ilivyokuwa ikipungua, na jinsi vijana walivyokwenda kutafuta kazi katika machimbo ya mbali. Shamba likawa urithi wa mtoto kutoka kwa baba, na kijiji cha rika kikafifia. Basi, mjane asiye na shamba aweza leo kulala chini ya bati na asiwe na chakula.

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulioanzishwa mwaka 2000, ulijaribu njia nyingine mwaka 2010 katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Wanakijiji wenyewe walizitaja kaya maskini, kisha hojaji ikatumika kuhakiki. Kati ya vijiji 80, kura iliteua 40 vianze kupokea fedha. Vilivyobaki vikawa vya kulinganishia. Bila vijiji hivyo vya pili, nani angejua kama mabadiliko yalitokana na fedha au na mvua njema? Ilionekana kwamba kaya zilizopokea zilijiunga zaidi na bima ya afya, na zilifuga zaidi.

Zoezi: Chagueni kaya kumi, kwa idhini ya wenyewe na bila kuandika majina. Andikeni kwanza paa na ukuta. Kisha ulizeni: ardhi hii ni ya nani? Mlipougua mara ya mwisho, nani aliwaletea chakula? Mto Kiwira au Mbaka ukifurika, mtalala kwa nani? Pangeni kaya kwa orodha ya kwanza, halafu kwa ya pili, mkalinganishe.